Saa ya Mkononi Haivuki Mto

Maneno ya mjumbe wa kamati ya afya katika mkutano wa mwaka wa wana-Pangani

 

Kamati imeniomba niseme juu ya zile saa. Mnazijua: zinahesabu mapigo ya moyo wa mzee na kutuma habari kwenye simu ya mtoto aliyeko Dar au Muscat. Nyingine hupiga simu zenyewe mvaaji akianguka. Kila mwaka kuna anayependekeza chama kiwanunulie wazee wetu. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na ushauri wangu ni tusianze na saa.

Kwa mapigo ya moyo, saa nzuri inafaa. Ina taa ya kijani chini yake. Mwanga unaingia kwenye ngozi, na kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi hubadilika. Lakini wazee wetu wanasumbuliwa na presha na kisukari, na hapo ndipo panapouzwa uongo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mzee akijichoma insulini kwa kuamini namba ya saa ya namna hiyo, anaweza kufa.

Ile ya kugundua kuanguka hufuata mshtuko wa mkono. Bibi akitwanga kisamvu, si ajabu ikapiga kelele bure. Na simu ikilia mara tatu bure, ya nne hatuipokei. Hilo tunalijua sisi tulioacha wazazi nyumbani.

Haya, tuseme saa imesema kweli. Ni saa nane za usiku, mama yuko Mwera, wewe uko Kinondoni. Unampigia nani? Nani ana pikipiki yenye mafuta? Hospitali ya wilaya iko mjini, ng'ambo ya mto, na kuvuka kutoka Bweni usiku mnakujua wenyewe. Mgonjwa wa kiharusi hasubiri. Akihitaji kupelekwa Bombo, bado kuna kilomita kama 50.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo kuliko saa. Tuanze na vijiji vya kusini ya mto. Kila kijiji kipate mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, ikae kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na daftari. Katika daftari kuwe na namba za watu watatu: jirani wa karibu, mwenye bodaboda aliyekubali kuamshwa usiku, na mtoto aliye mbali. Mwenye bodaboda alipwe na mfuko wetu, asimdai mgonjwa njiani.

Kupima nako kuna adabu yake. Mzee akae dakika 5 kimya, ameegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa. Apimwe mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, aende zahanati. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msipime chochote, mwiteni mwenye bodaboda.

Anayetaka kumnunulia mama yake saa, anunue, ila amuulize kwanza. Shangazi yangu mmoja aliivua siku ya pili, akasema hakuzaa watoto ili wampeleleze. Sikuwa na la kumjibu.

Mhazini yuko kwenye meza ya mlangoni. Fedha za presha anaziandika kwenye daftari lake peke yake, tafadhali msizichanganye na za madawati.