Chumvi ya Mama na Mtoto Asiyezaliwa Bado

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kiingiacho katika ncha za vidole viwili, nacho ni chumvi ya chungu. Kitu hicho ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Kwa sababu ya chumvi, mtoto aweza kuzaliwa mzima, mwenye kusikia na kusema. Na kwa kukosa kilichopaswa kuwamo katika chumvi, aweza kuzaliwa kiziwi na bubu, mzito wa akili siku zote za maisha yake.

Nianze na jambo mlijualo sana ninyi wakulima wa Kate na wa Ufipa yote. Mkulima wa kwenu tangu zamani hangoji siku ya kupanda ndipo alishe udongo wake. Mvua zikikaribia kwisha, udongo ukingali na unyevu, hukusanya majani na kuyafunika, akafanya matuta ya mviringo. Majani huoza humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zijapo huyabomoa matuta, akatawanya udongo uliokwisha kushiba, ndipo apande ulezi. Mtu akileta majani mabichi siku ambayo mbegu imekwisha kuota, majirani watamcheka. Yawekeni matuta hayo moyoni, maana tutayarudia.

Sasa tutazame shingo ya mwanadamu. Mbele ya koo pana tezi dogo. Kazi yake ni kutengeneza maji fulani yaingiayo katika damu na kuutawala mwili: joto lake, kukua kwake, na kuumbika kwa ubongo. Lakini tezi haliwezi kufanya kazi hiyo bila madini joto, ambayo wataalamu huyaita aidini. Yakipungua, tezi hujitahidi, likavimba. Na uvimbe huo ndio rovu.

Kwa nini madini joto yakosekane? Kwa kuwa makao yake makubwa ni bahari. Katika nchi za juu, mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha zikayachukua. Udongo ukikosa, mahindi hukosa, maharage hukosa, na maziwa ya ng'ombe hukosa. Mtu aweza kula akashiba kila siku, na bado akawa na upungufu. Ufipa, iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ni moja ya nchi za namna hiyo, pamoja na sehemu nyingine za nyanda za juu za kusini.

Labda mtu atauliza, “Je, wazee wetu hawakuwa na chumvi?” Walikuwa nayo. Huko Ivuna, kusini ya Ziwa Rukwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wameona kwamba watu walipika chumvi tangu karne ya 13. Lakini chumvi itokayo katika ardhi, hata iwe nyeupe na tamu namna gani, haina madini joto ya kutosha mpaka yatiwe na mwanadamu.

Wasikilizaji, rovu huonekana kwa macho, lakini hasara iliyo kubwa zaidi haionekani. Mtoto aliye tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, hana tezi lake lenye kufanya kazi. Hutegemea la mama yake. Mama akiwa na upungufu mkubwa, ubongo wa mtoto hukosa kitu cha kuujenga. Na kilichokosekana wakati huo hakiwezi kulipwa baadaye.

Wataalamu walijuaje? Katika mwaka wa 1966, katika bonde la Jimi, milimani mwa Papua New Guinea, waganga walizichoma sindano jamaa nyingi. Jamaa moja walipewa mafuta yenye madini joto, na jamaa ya pili walipewa maji ya chumvi tu. Wakaendelea hivyo kwa zamu. Kisha wakawangoja watoto. Habari zao, zilizoandikwa na Pharoah, Buttfield na Hetzel, zilipigwa chapa mwaka wa 1971. Katika watoto 534 ambao mama zao hawakupewa madini joto, 26 walikuwa na ule udhaifu wa akili na viungo. Katika watoto 498 ambao mama zao walipewa, walikuwa 7. Sasa sikilizeni vema: katika hao saba, sita mama zao walikuwa wamekwisha kuchukua mimba siku ya sindano. Yaani dawa ilikuwa njema, ila ilichelewa. Majani yaliletwa mbegu ikiwa imeota.

Njia rahisi ya kuwahi ni kuyatia madini joto katika chumvi ya watu wote. Uswisi, nchi ya milima iliyosumbuliwa sana na rovu, ilianza kazi hiyo mwaka wa 1922. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka wa 1973. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, wilaya zilizoumia sana ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Na katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto katika chumvi iuzwayo. Mwaka wa 2009 Erica Field na wenzake wawili waliandika kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vidonge hivyo kwa wakati waliendelea na masomo kuwapita wengine, kwa wastani wa theluthi ya mwaka au zaidi, na faida ilizidi kwa wasichana. Wataalamu wengine walihesabu upya wasione faida hiyo, na mabishano yapo. Lakini habari ya Jimi, kwamba madini joto huukinga ubongo wa mtoto, haibishaniwi.

Tena si madini joto peke yake yafuatayo kanuni hii ya kuwahi. Wako watoto wazaliwao na mgongo wazi. Uti wa mgongo hufungwa katika siku 28 za kwanza, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Mwaka wa 1991 uchunguzi ulioongozwa na Nicholas Wald, katika nchi saba, ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, wakipewa asidi ya foliki kabla ya mimba nyingine, hatari ilipungua kwa 72 katika mia. Asidi hiyo imo katika maharage na mboga za majani mabichi, na katika vidonge vya zahanati. Vivyo hivyo ugonjwa wa kisukari. Sukari ya damu ya mama hupita ikamfikia mtoto. Na ikizidi katika majuma yale ya kwanza, moyo na mgongo vyaweza kuumbika vibaya. Mwanamke mwenye kisukari akionana na mganga kabla ya kuchukua mimba, akaituliza sukari yake, hatari hiyo hupungua sana.

Basi tufanyeje? Nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na maji, na kuitia chunguni chakula kikaribiapo kuiva, kwa maana joto jingi huyapoteza madini hayo. Si lazima kuzidisha chumvi. Mahitaji ya mtu kwa maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Chumvi ya kupima kwa kopo isiyo na maandishi ni rahisi kwa senti, lakini yaweza kuwa ghali kwa mtoto. Na binti afikiriaye kuolewa aende zahanati aulize habari za vidonge vya foliki sasa, asingoje tumbo lionekane.

Neno la mwisho nawaambia akina baba na akina mama wakwe. Mtoto akizaliwa na kasoro, wengine humtazama mke kwa jicho baya, au hutafuta mchawi katika jirani. Kasoro nyingine hazina sababu ijulikanayo, na nyingine hutokana na udongo uliooshwa na mvua kabla babu zetu hawajazaliwa. Hakuna mke awezaye kulaumiwa kwa mvua hizo. Lakini mume atokaye sokoni na chumvi, yeye aweza kuchagua. Lisheni shamba kabla ya mbegu, kama mlivyofundishwa na wazee wenu.