Gari ya banki: ahadi kwanza, chuma baadaye

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati, Kalemie



Niliombwa kusema juu ya gari ya banki: gari yenye kutoka hapa mjini, kwenda vijijini, watu wakaweka feza, wakatosha feza, wakarudi nyumbani siku ileile. Kati yenu kuko wenye kusoma mekanika, wengine informatika, wengine ekonomia. Mulileta michoro na nimeiangalia yote. Ni mizuri. Nimeona sanduku la chuma, nimeona antena, plake za sola, kamera kila kona. Lakini kwenye michoro yote kuna mutu mumoja sikumuona: ule mwenye kungojea.

Acheni nianze na yeye.

Mama mukubwa wangu ni mwalimu katika kijiji kimoja upande wa Moba. Tangu mwaka 2011 Leta ilianza kulipa watumishi wake kwa njia ya banki. Sababu ilikuwa nzuri: feza isipite tena mikononi mwa watu wengi, na walimu hewa watoke kwenye liste. Hatupingi hiyo. Lakini banki ilibaki mjini, na mwalimu akabaki kijijini. Basi kila mwezi mama mukubwa anafunga kitenge, anatembea mpaka barabarani, anatafuta motari, analala kwa ndugu, asubuhi anapanga mustari. Saa sita wanamwambia: rezo haiko, mama, urudi kesho. Anarudi kesho. Siku hizo zote, watoto hamsini wanakaa shuleni bila mwalimu. Wazazi wanasema mwalimu ni mvivu. Si mvivu. Amefuata haki yake.

Tufanye mahesabu kidogo, kwa mfano tu. Mutu analipwa 300.000 franka. Moto kwenda na kurudi, 60.000. Chakula na malazi, 20.000. Anabaki na 220.000, na siku tatu zimepotea. Hakuna sheria hata moja iliyosema mwalimu wa kijijini alipwe kidogo kuliko mwalimu wa mjini. Ni umbali ndio umepitisha hiyo sheria, na sisi tumenyamaza.

Sisi watu wa mjini tunafikiri hilo ni shida ya wengine. Mwaka 2025, Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23, na banki zikafunga milango. Munajua kilichofuata, maana kila mmoja wenu ana ndugu kule. Watu walikuwa na feza kwenye akaunti na hawakuwa na ya kununua unga. Mwenye kutosha kupitia simu alikatwa komisyo mpaka akaona haya kwa niaba ya mwenye kumkata. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini ile hali yenye ilitushtua sisi, vijijini ndiyo hali ya kila siku, wakati wa vita na wakati wa amani.

Tena wazee wetu wana kumbukumbu. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi hazina tena kazi. Watu walipewa siku chache tu kubadilisha, na kiasi kilikuwa na mpaka. Aliyekuwa karibu na banki aliokoa kitu. Aliyekuwa mbali alibaki na makaratasi. Kuna watu waliouza ng'ombe, waliouza mavuno ya miaka, na feza yao ikawa ya watoto kuchezea. Kwa hiyo ukifika kijijini na gari nzuri ukaambia muzee «leta feza yako tukutunzie», asipokuitika usiseme hana akili. Anajua mambo ambayo wewe hukuyaona.

Najua swali lenu. Simu iko, mbona tutafute gari? M-Pesa iko Kongo tangu 2012, na zingine ziko. Kweli, simu imesaidia sana. Lakini simu inasafirisha hesabu, haisafirishi noti. Ule kijana wa kibanda kule kijijini, siku ya mishahara anakuwa na hesabu kwenye simu na sanduku tupu. Siku ya soko la ndagala anakuwa na noti nyingi mpaka anaogopa kulala. Yeye pia anapanda moto kuja mjini kutafuta usawa, na bei ya moto yake inaingia kwenye komisyo ya mama wa mihogo. Gari ya banki haiji kuua simu. Inakuja kulisha vile vibanda, ili simu ifanye kazi yake.

Sasa turudi kwenye michoro.

Jambo la kwanza si gari. Ni kalendari. Kila kijiji kikubwa kina siku yake ya soko. Gari ifike siku ya soko, na ifike siku ileile kila juma, kama vile misa. Pale sokoni kuko wachuuzi wenye noti nyingi na hawana mahali pa kuziweka, na kuko mwalimu, muganga na polisi wenye hesabu na hawana noti. Feza ya mchuuzi inaingia dirishani, inatokea kwa mwalimu saa moja baadaye. Mumeona? Gari yenye kupanga vizuri siku zake haina lazima ya kubeba feza nyingi kutoka mjini. Soko lenyewe linailisha.

Na hapo ndipo tunapojibu swali la usalama. Mmoja wenu aliniambia: siku ikijulikana, majambazi nao wataijua. Ni kweli. Lakini tukiificha siku, mama mukubwa atakuja bure, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne hatakuja tena. Banki yenye siku ya siri ni banki ya wenye kujuana. Basi siku ijulikane, lakini kiasi kisijulikane, na kiwe kidogo. Sanduku lifungwe na saa, dereva asiwe na ufunguo. Na tusijidanganye: kuna njia ambazo leo hakuna gari ya feza inaweza kupita, hata ikiwa na chuma cha kiasi gani. Njia hizo zinahitaji amani kwanza. Tusipeleke kijana kufa kwa ajili ya mchoro.

Jambo la pili, gari yenyewe. Musichore lori. Lori la tani kumi litazama kwenye tope mwezi wa kwanza, na madaraja yetu mengi ni miti. Chukueni Land Cruiser ya kawaida, ile ambayo kila mekanisien wa hapa anaifungua macho yakiwa yamefumbwa, ambayo vipande vyake vinapatikana sokoni. Juu, plake za sola na betri, ili mashine zifanye kazi injini ikizimwa. Mafuta yanayochomwa kwa kusimama ni komisyo ya kesho. Kando, dirisha la chini, maana mama mwenye mutoto mgongoni hapandi ngazi, na mwenye ulemavu hafikii dirisha la juu. Turubai ya kivuli. Pazia kidogo, ili jirani asione umetosha ngapi. Mambo madogo hayo? Ule mwenye kusimama kwenye jua hayaoni kuwa madogo.

Na vijiji vya pembeni ya ziwa, kuelekea Moliro, haviko na barabara ya kutegemea. Kule «gari» itakuwa boti. Sanduku, mashine na watu wake vitengenezwe ili viweze kuhama kutoka garini mpaka kwenye boti. Upande wa Nyunzu reli inapita. Tusiabudu magurudumu. Kazi ni kumfikia mutu.

Jambo la tatu, rezo. Haiko, na mara nyingi haitakuwa. Mashine ifanye kazi bila rezo. Asubuhi kabla ya kutoka, inachukua liste ya akaunti za njia ile. Kiasi fulani cha kila akaunti kinafungwa kwa siku hiyo, ili mutu asitoshe feza ileile mara mbili, hapa kwa gari na kule kwa simu. Jioni rezo ikirudi, hesabu zinakutana. Wanainformatika, hapo ndipo kichwa chenu kinahitajika, kuliko kwenye kamera.

Jambo la ine, utambulisho. Kongo, kitambulisho cha watu wengi ni kadi ya uchaguzi, na munajua jinsi maandishi yake yanavyofutika mpaka sura yako inabaki kama moshi. Mutasema: tuweke alama ya kidole. Vizuri. Lakini shikeni mkono wa mama mwenye kulima miaka arobaini, au wa mvuvi mwenye kuvuta nyavu. Kidole kimekuwa laini kama jiwe la mto, mashine haikisomi. Je, atarudishwa nyumbani kwa kosa la kufanya kazi? Iwekwe njia ya pili: namba ya siri, picha, na shahidi ambaye mwenyewe alimchagua siku ya kufungua akaunti. Na mashine iseme kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa asiyejua kusoma. Risiti ya Kifaransa mikononi mwa mutu asiyesoma Kifaransa si risiti.

Jambo la tano, bei. Ibandikwe kwenye mlango, kwa herufi kubwa: kutosha kiasi hiki, unakatwa kiasi hiki. Gari ije na noti ndogo, maana noti ya 20.000 kijijini inakufanya uzunguke soko nzima ukitafuta chenji. Na ile dola yenye kupasuka kidogo, ambayo kila duka linaikataa, banki iipokee kwa bei inayojulikana. Mkulima hakuipasua yeye.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wengi wa ndugu zetu walioishi kule kwenye ukimbizi wamesikia juu ya magari ya benki kama CRDB, magari ambayo ni tawi kamili lenye magurudumu. Na si jambo la jana. Mwaka 1946, kwenye kisiwa cha Lewis kule Scotland, banki moja ilianza kuzunguka na gari kwa sababu watu waliishi mbalimbali. Kwa hiyo asiwaambie mutu kwamba haiwezekani. Kinachokosekana hapa si akili.

Kinachokosekana ni imani, na imani vijiji vyetu vinajua kuitengeneza. Nendeni muone AVEC za wamama. Sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenye kulala na sanduku hana ufunguo. Feza inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Hawakusoma kwenye chuo kikuu, lakini wameelewa jambo ambalo viongozi wetu wanalikimbia: feza ya wote haiwi na ufunguo mmoja. Gari ya banki iwe mtoto wa lile sanduku. Wamama wa AVEC wakae kwenye meza siku tutakapochora, si siku ya kukata utepe.

Mwisho, kuna vitu ambavyo mekanisien hawezi kutengeneza. Bariyeri. Tuhesabu kamba zote zinazofungwa barabarani kati ya hapa na kijiji cha mwisho. Kila kamba ina mutu wake, na kila mutu ana njaa yake. Ikiwa gari italipa kwa kila kamba, mama wa mihogo ndiye atalipa. Ikiwa askari wa kusindikiza watalishwa na wateja, tumejenga bariyeri yenye magurudumu.

Kwa hiyo tunaomba wazi, na tutaandika kwa gavana, kwa wabunge wa jimbo na kwa mabanki yenyewe: gari ipite bila kulipa hata franka moja njiani; Leta ilipe usalama wake yenyewe; mishahara iingie kabla ya siku ya gari, si juma moja nyuma; na kila kijiji kichague watu watatu wa kuandika: gari ilifika saa ngapi, ilikata ngapi, nani alirudi mikono mitupu. Daftari hiyo tutaisoma hadharani kila mwezi, hapa hapa. Hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji Bic na moyo.

Na ninyi wenye michoro, ninawapa kazi ya nyumbani. Kabla ya kuchora tena, mtu aende siku ya malipo, apange mustari pamoja na walimu kutoka asubuhi mpaka jioni. Asiseme yeye ni nani. Asikilize. Halafu arudi, achukue karatasi mpya, na aanze na yule mwenye kungojea.