Programu Nyongeza: Anza Kidogo, Soma Kabla ya Kuruhusu



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vipo vyama vya akiba ambavyo daftari lao ni lahajedwali ya mtandaoni. Haikai kwenye tarakilishi ya mtu mmoja. Huhifadhiwa na mtoa huduma na kufunguliwa popote penye intaneti. Hiyo ndiyo huduma ya wingu. Programu nyongeza ni programu ndogo inayoongezwa juu yake ili ifanye kazi ambayo huduma yenyewe haiifanyi.

Chukueni mfano wa mhazini wa chama chenye wanachama 40. Kila mwisho wa mwezi hupitia mstari mmoja mmoja, kisha huwaandikia waliochelewa kulipa. Jioni nzima huishia hapo. Kijana anayejua JavaScript kidogo anaweza kumpunguzia kazi kwa Apps Script, chombo kilichotolewa na Google mwaka 2009, ambacho hakilipiwi.

Kwanza hutengeneza nakala ya daftari katika Google Sheets na kuijaza majina ya kubuni. Kisha hufungua menyu ya Extensions na kuchagua Apps Script. Dirisha la kuandikia msimbo hufunguka bila kupakua chochote. Ndani ya fanksheni iitwayo onOpen huandika maagizo ya kuongeza menyu mpya, na ndani ya fanksheni nyingine, maagizo ya kutuma ukumbusho kwa barua pepe. Akaunti ya bure ina kikomo cha wapokeaji 100 kwa siku. Kwa chama hicho, inatosha.

Msimbo unapoendeshwa mara ya kwanza, skrini huomba idhini. Hapa ndipo mtu hubonyeza bila kusoma. Ipo programu inayoomba daftari moja tu, na ipo inayoomba kusoma, kubadilisha na kufuta madaftari yote ya akaunti. Mjenzi akiandika @OnlyCurrentDoc juu ya msimbo wake, ruhusa ya madaftari hubaki kwenye lile lile moja. Anayesakinisha programu ya wengine kutoka Google Workspace Marketplace naye ajiulize: programu ya kupanga rangi za safu inataka kusoma barua pepe za nini?

Daftari la chama lina majina, nambari za simu na za vitambulisho, yaani vitu ambavyo tapeli huvitafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezishika taarifa hizo azilinde, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5.

Kwa hiyo mhazini asitoe idhini peke yake. Wanachama waelezwe kwanza. Programu isiyotumika tena iondolewe, na idhini yake ifutwe kwenye mipangilio ya akaunti. Daftari ni la chama, na ufunguo wake ni wa chama.