Mzigo wa Mwenzio

Asubuhi ya leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya ndoa ya watu wa rangi mbili, hasa inapohamia mahali ambapo mmoja wao ni mwenyeji na mwingine ni mgeni.

Sisi tunaozungumza nanyi ni mume na mke. Mke ni Mtaita, mzaliwa wa milimani karibu na Wundanyi. Mume ni Mmarekani, mzungu, mtoto wa mkulima wa mahindi katika jimbo la Iowa. Tulioana tukaishi Nairobi miaka saba. Kisha mama mzazi wa mume akawa mzee, magoti yakakataa kupanda ngazi, naye hakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza. Basi tukafunga mizigo, pamoja na binti yetu wa miaka mitano, tukahamia mji mdogo wenye watu wasiozidi 25,000, kando ya mto Mississippi. Sasa ni mwaka wa nne, na tumekuja Kenya kuwaona wazee.

Kila tunapokwenda vijana wanatuuliza, "Je, huko mnakubaliwa?" Wazazi wanauliza kwa hofu zaidi. Baba yetu wa Taita, siku ya kuagana, hakuuliza habari za nyumba wala mshahara. Aliuliza, "Mwanangu, ukianguka barabarani huko, ni nani atakayesema huyu ni wetu?" Swali hilo lina uzito, na halijibiwi kwa neno moja.

Tuanze na sheria, kwa maana wengi hudhani kwamba ndoa kama yetu imekuwa halali kote Marekani tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1958 Bwana Richard Loving, mzungu, fundi wa kujenga matofali, alimwoa Bibi Mildred Jeter, mwanamke mweusi. Walifunga ndoa katika jiji la Washington kwa sababu jimbo lao la Virginia lilikataza. Waliporudi kwao shambani, polisi waliwaingilia usiku wakiwa wamelala, wakawakamata. Mwaka 1959 hakimu aliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja, akakiahirisha kwa sharti kwamba waondoke Virginia na wasirudi pamoja kwa muda wa miaka 25.

Wakahamia Washington. Lakini Bibi Mildred alikuwa mtu wa mashambani, akawatamani jamaa zake. Akamwandikia barua Mkuu wa Sheria wa nchi, Robert Kennedy. Kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 12 Juni 1967 majaji wote tisa wakasema kwa sauti moja kwamba sheria za namna hiyo ni batili. Siku hiyo zilikuwa bado zinatumika katika majimbo 16. Mume na mke wakarudi kwao, na Bwana Richard akajenga nyumba. Walichokitaka miaka yote hiyo ni kuishi mahali padogo karibu na watu wao.

Majimbo ya katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na soya, hayakufanana katika jambo hili. Iowa iliifuta sheria hiyo mapema sana, mwaka 1851. Nebraska, jirani yake wa magharibi, ilichelewa hadi 1963. Indiana iliifuta 1965. Missouri, inayopakana na Iowa upande wa kusini, ilingoja hukumu ya 1967. Katika mji wa Muscatine, Iowa, kinyozi mweusi aitwaye Alexander Clark alipeleka mashtaka kortini binti yake Susan alipokataliwa shuleni, na mwaka 1868 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba shule haziwezi kuwatenga watoto weusi. Lakini sheria njema na mioyo migumu huweza kukaa katika nchi moja. Huko Illinois, Indiana na kwingineko ilikuwako miji iliyomtaka kila mtu mweusi awe ameondoka kabla ya jua kuchwa. Mwanahistoria James Loewen alizieleza habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2005.

Siku hizi mambo yamebadilika sana. Mwaka 1958 shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani kama wanakubali ndoa ya mweusi na mweupe, watu 4 tu katika kila 100 walisema ndiyo. Mwaka 2021 waliokubali walikuwa 94. Na kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha kwamba katika kila maarusi wapya 100 wa mwaka 2015, 17 walikuwa wameoa au kuolewa na mtu wa asili nyingine, hali mwaka 1967 walikuwa 3. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba nje ya miji mikubwa ndoa hizo ni chache kuliko ndani yake. Kwa hiyo mtu akituuliza kama sheria inatulinda, tunamjibu kwamba inatulinda. Akiuliza kama watu wengi wanatutakia mema, tunamjibu kwamba wanatutakia.

Hata hivyo, sheria haiendi nawe dukani. Tunaposimama kwenye foleni, tukisukuma kigari kimoja, mwenye kupokea pesa hutuuliza kama tuko pamoja. Katika mkahawa tunaletewa hesabu mbili. Katika ofisi moja tulikokwenda kuomba mkopo wa nyumba, karani alimweleza mume kila jambo, na mke, ambaye mshahara wake ndio ulioandikwa wa kwanza katika fomu, hakutazamwa hata mara moja. Wako waliomshika binti yetu nywele bila kuomba ruhusa, kama watu wanaochagua kitambaa sokoni. Na siku moja, penye bembea, mtoto mwenzake alimwuliza kama yule ni mama yake kweli au ni yaya.

Hakuna aliyetutukana, wala aliyevunja dirisha letu. Ni vitu vidogo. Lakini kokoto iliyo ndani ya kiatu nayo ni ndogo.

Wapenzi wasikilizaji, hapa ndipo penye neno tunalotaka mlichukue leo. Vitu hivi havikuwaangukia mume na mke sawasawa. Mume akiingia katika duka la vifaa vya shamba, wazee wanamkumbuka alivyocheza mpira wa kikapu shuleni, wanamwuliza hali ya mama. Mke akiingia duka lilelile peke yake, mazungumzo hupungua sauti. Wawili hao wamehamia mji mmoja, lakini mmoja amehamia kwao na mwingine amehamia ugenini. Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu asiye na mzigo kichwani huuona wa mwenzake kuwa mwepesi, hata kama anampenda kwa moyo wake wote. Ndoa nyingi za namna yetu zinaumizwa hapo, nyumbani kwenyewe, kabla jirani hajasema neno.

Kwa sababu hiyo, kabla hatujaondoka Nairobi, tuliketi jioni tatu tukapatana mambo matatu.

La kwanza, mgeni aaminiwe. Mke akirudi nyumbani akasema, "Leo nimefuatwa dukani tangu nilipoingia mpaka nilipotoka," mume asianze kumtafutia mwuzaji udhuru. Asiseme, "Labda alitaka kukusaidia." Huenda ni kweli alitaka kusaidia. Lakini mtu aliyechoka huketishwa kwanza, akapewa maji, na maswali yakaja baadaye. Akianza kuulizwa ushahidi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kesho hatasema tena, na siku nyingi za kutosema ni ukuta.

La pili, mwenyeji ndiye aseme na watu wake. Mwezi wa Novemba, kwenye karamu ya sikukuu ya Shukrani, shangazi mmoja alisema mezani kwamba watoto wa damu mbili huteseka kwa ajili ya uamuzi wa wazazi wao. Mke hakujibu, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Mume aliweka uma chini, akasema kwa upole, "Shangazi, mtoto unayemsema ameketi hapa karibu nawe, naye anasikia. Tafadhali usiseme hivyo tena mbele yake." Meza yote ikawa kimya. Kisha mama mkwe, yeye mwenye magoti mabovu, akamwita mjukuu wake aje amsaidie kugawa keki. Tangu siku ile shangazi hajalirudia neno hilo, na Krismasi iliyofuata alimletea mtoto glavu alizofuma kwa mikono yake.

La tatu, mgeni asifungiwe ndani ya ndoa yake. Katika miji midogo ya huko hakuna matatu. Mabasi ni machache. Asiye na gari ni kama mfungwa, hasa majira ya baridi ambapo joto huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Basi kabla hatujanunua viti vya sebuleni tulinunua gari la pili, kuukuu, na mke akachukua leseni. Mara moja kila mwezi anaendesha mpaka Iowa City, ambako wako Wakongo wengi wasemao Kiswahili. Kiswahili chao si kile cha Voi, lakini kinatosha sana. Huko anasukwa nywele, anapata unga wa ugali, anacheka bila kutafsiri kicheko. Siku hiyo mume hubaki na mtoto na mama, wala haulizi atarudi saa ngapi. Tumeona kwamba mke akirudi kutoka huko, hata mji wetu mdogo humpendeza zaidi.

Na mji wenyewe tusiusingizie. Mzee jirani yetu, mjane, hakutusemesha kwa muda wa miezi mitano. Theluji ya kwanza ilipoanguka usiku, tuliamka tukakuta njia yetu imezolewa mpaka mlangoni. Mke akampelekea chapati zikiwa moto, akazipokea bila maneno mengi. Mwaka wa pili mke aliteleza juu ya barafu mbele ya posta, akaumia kifundo cha mguu. Mzee huyo alikuwa akipita, akasimamisha gari katikati ya barabara, akawaambia waliokusanyika, "Huyu ni jirani yangu," akampeleka hospitali mwenyewe. Tulimwandikia baba huko Taita habari hiyo siku ileile.

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu, mlango wa 12, tunasoma kwamba Musa alikuwa ameoa mwanamke Mkushi, na walionung'unika kwa ajili yake walikuwa Miriamu na Haruni, dada yake na kaka yake. Maneno hayo yalitoka ndani ya jamaa yake. Angalieni alivyotenda Musa. Hatusomi kwamba alimfukuza mkewe ili ampendeze dada yake. Na Miriamu alipopigwa kwa ukoma, Musa hakumfurahia, alimwombea apone. Watu wote wakangoja siku saba, wasiondoke mpaka Miriamu aliporudishwa kambini. Mara nyingi tunaikumbuka adhabu yake tu, tukasahau kule kungojwa. Jamaa anayekosea juu ya ndoa yako aambiwe ukweli, kisha angojwe. Shangazi yetu alingojwa mwaka mzima.

Nasi tulio Kenya tusiwe wepesi kuwahukumu watu wa Iowa. Ni nyumba ngapi kwetu ambamo msichana aliyetoka kabila lingine husemwa mbele yake kwa lugha asiyoijua? Ni wavulana wangapi walioambiwa wamtafute wa nyumbani, ingawa yule waliyemleta ana heshima, ana bidii, na anawapenda? Hapo hakuna tofauti ya rangi. Wenye nyumba ni weusi na bibi arusi ni mweusi, naye anakula peke yake jikoni huku mumewe akicheka na ndugu zake sebuleni, akidhani kwamba mambo ni mazuri.

Basi wewe uliye mwenyeji katika ndoa yako, iwe ni Iowa au Kitale, tunakuomba jambo moja. Leo jioni, mkishakula, mwulize mwenzako ni kitu gani amekibeba siku hizi kati ya watu wako. Atakapojibu, usimsahihishe. Msikilize mpaka mwisho. Kisha kesho yake, kama liko neno la kusema na mama, au shangazi, au ndugu, nenda ukaliseme wewe.

Mungu azibariki nyumba zenu, awape wageni wenu mahali pa kuketi. Kwaherini.