Mchoro Uliodumu Miaka 45: Kuchapisha Tafiti za Viumbe wa Seli Moja



Mwaka 1902 Mjerumani Fritz Schaudinn alianzisha jarida la viumbe wa seli moja yenye kiini, Archiv für Protistenkunde. Jarida hilo bado lipo, na tangu 1998 linaitwa Protist. Kabla yake, aliyegundua amiba mpya au kimelea kipya alipeleka makala kwenye majarida ya wanyama, ya mimea au ya tiba, na watu waliochunguza kiumbe kilekile wakawa hawasomani. Schaudinn aliwakusanya, na kwa hilo namheshimu sana.

Lakini huyohuyo ndiye aliyetuachia somo chungu kuliko yote katika taaluma yetu.

Mwaka 1903 alichapisha kwamba ameona, chini ya darubini, kimelea cha malaria kilichotoka kwa mbu kikipenya moja kwa moja katika chembe nyekundu ya damu. Aliambatisha michoro mizuri ajabu. Mtaalamu wa ndege huhifadhi ngozi ya ndege wake makumbusho, na anayetilia shaka huenda akaipima. Sisi tunaochunguza viumbe wa seli moja tulikuwa na slaidi inayofifia, maelezo na mchoro. Aliyechora vizuri aliaminiwa. Wengine walijaribu kurudia jaribio lake, hawakuona kitu. Nani angempinga? Mwaka 1905 yeye na Erich Hoffmann waligundua kijidudu cha kaswende, sifa zake zikavuma, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Vitabu vya kiada viliendelea kunakili mchoro ule.

Shaka ilirudi polepole. Katika miaka ya 1930 vimelea vya malaria ya ndege vilionekana vikizaliana nje ya chembe za damu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Neil Hamilton Fairley alifanya kazi Australia na askari waliojitolea. Alionyesha kwamba muda mfupi baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye vimelea, damu yake haiambukizi tena, na hukaa hivyo karibu wiki nzima. Basi vimelea vimejificha wapi?

Sehemu ya jibu ilitoka Kenya. Cyril Garnham, daktari wa serikali ya kikoloni, alichunguza kima wa huko na kukuta kimelea kilicho jamaa wa kile cha malaria kikikua ndani ya ini. Alichapisha mwaka 1947. Mwaka uliofuata, yeye na Henry Shortt waliachia mamia ya mbu wenye vimelea wamuume kima mmoja, wakalipasua ini lake baada ya wiki, na wakaviona. Ikawa miaka 45 tangu makala ya Schaudinn.

Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Kilifi, Korogwe na Bagamoyo, hukizuia kimelea katika safari hiyohiyo ya kuelekea ini. Hapo ndipo naona uzito wa makala zile za waliorudia jaribio la Schaudinn, ambazo hazikuandikwa. Waliotazama wasione walikuwa na ushahidi mikononi, ila desturi ya majarida ilikuwa kumpokea aliyeona. Desturi hiyo haijafa. Mwanafunzi wa uzamili anayerudia jaribio mashuhuri akapata jibu tofauti bado hushauriwa atafute mada nyingine. Akipata jarida la kumpokea, ada ya uchapishaji inaweza kupita mshahara wa mwezi mzima wa mhadhiri. Na akichapisha bila ada, mara nyingi makala yake hufungiwa nyuma ya malipo ambayo maktaba zetu haziyamudu. Mimi nasema hilo ni deni la taaluma nzima, si shida ya mwanafunzi huyo peke yake.

Leo hatutegemei tena mkono wa mchoraji. Picha ghafi huhifadhiwa, mpangilio wa DNA huwekwa kwenye hazina za wazi, na aliyeko Mwanza anaweza kuukagua sawa na aliyeko Berlin. Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa Seneti ya chuo hiki. Tasnifu ya kurudia utafiti wa mwingine ikubaliwe kuwa tasnifu kamili, hata kama jibu lake ni "sikuona". Na slaidi, picha na data zote zibaki maktaba pamoja na tasnifu, zikiwa na namba yake, ili mwanafunzi yeyote aziombe dirishani.