Siri Ndani ya Nyumba Yenye Kusifiwa

Leo hatusemi juu ya malaria wala uji wa mtoto. Tunasema juu ya ugonjwa wenye watu wanaficha.

Kila kijiji kina nyumba moja yenye kusifiwa. Lupango imefagiwa, watoto wanasoma, baba anasalimia kila mtu. Watu wanasema: «Kule kuna amani.» Mara nyingi ni kweli. Lakini saa ingine ndani mwake kuna mtoto mwenye kunajisiwa na mtu anayemjua: jirani, mgeni anayelala pale, baba mdogo, ao baba yake mwenyewe. Na mtoto ameambiwa: «Ukisema, mama yako atafukuzwa.» Basi ananyamaza.

Kule Kavumu, Kivu ya Kusini, toka 2013 mpaka 2016, wasichana wadogo karibu 40 waliibwa usiku nyumbani mwao na kunajisiwa. Mkubwa wa kundi lile alikuwa mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Watoto walipelekwa lopitali ya Panzi, Bukavu, na waganga wakaandika walichoona. Tarehe 13 mwezi wa 12, mwaka 2017, tribinali ya kiaskari ikamhukumu yeye na wenzake 10 kifungo cha maisha. Cheo chake hakikumwokoa.

Sasa, mama, mwangalie mtoto wako. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, na sasa ameanza tena? Anamwogopa mtu mmoja, anakataa kubaki naye? Analia akikojoa? Kuna damu ao uchafu katika nguo yake ya ndani? Dalili hizi zinaweza kutoka kwa ugonjwa mwingine pia. Kwa hiyo usimhukumu mtu mbio, lakini usinyamaze. Umlete.

Akikuambia neno, fanya hivi:

1. Umsadiki. Usimpige, usimwulize: «Ulienda kule kufanya nini?» Umwambie: «Si kosa lako.»

2. Usimwogeshe kwanza, wala usifue nguo zile. Uzilete pamoja naye.

3. Mfike lopitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA inapaswa kuanza mbele ya saa 72, ni siku tatu tu, na inamezwa siku 28. Kwa msichana aliyekwisha kuanza kuona mwezi, kuna dawa ya kuzuia mimba mpaka siku tano, lakini mapema ni bora.

4. Siku zimepita? Uje vilevile. Kuna magonjwa ya kutibu, na moyo wa mtoto pia unahitaji matunzo.

Najua kinachofuata katika jamaa. Wazee wanakaa, wanaitisha mbuzi na franka, wanasema: «Tusiharibu jina la nyumba.» Mbuzi ile inaliwa siku moja, na mtoto anabaki kulala karibu na yule yule. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006, inalinda kila mtoto asiyefika miaka 18, na haikubali jambo hili limalizwe kwa kulipa faini tu. Mwenye kunajisi akiwa mzazi ao mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, kipimo cha chini cha azabu kinaongezwa mara mbili.

Mama mmoja ataniuliza: «Na kama ni bwana yangu, nani atatulisha?» Ni swali la kweli. Usilibebe peke yako. Utafute dada, mama mkubwa, ao mama mwenye kuaminiwa, mje pamoja.

Hakuna atakayeulizwa mbele ya wengine. Kisha kupima kilo, mwenye neno abaki kwenye benchi. Tutaingia chumbani, tutafunga mlango, na tutamsikiliza.