Maradhi ya Figo na Wajibu Wetu kwa Wagonjwa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu. Inachapishwa kwa ombi la wajumbe.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu mliotutangulia katika skuli hii, ndugu zangu na wanafunzi,



Nimetakiwa nizungumze juu ya maradhi ya figo. Mimi si daktari, ni mtumishi wa Serikali. Lakini nina ndugu yangu ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na katika kumuuguza nimejifunza mambo ambayo si haki kukaa nayo peke yangu.

Wanafunzi mnaosoma bayolojia mnajua kwamba figo, ambazo wazee wetu wakiziita nso, ni mbili, na kila moja ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180, na karibu zote hurejeshwa mwilini. Mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Ajabu ya figo ni kwamba hazilalamiki. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake asihisi kitu. Anapoanza kuvimba miguu, kutapika na kukosa pumzi, mara nyingi mambo yamekwisha haribika. Hapo ndipo watu husema kafanyiwa jambo, na miezi ya thamani hupotea kwa kuhangaika mlango hadi mlango.

Sababu kubwa ni mbili: kisukari na shinikizo la damu. Tena ziko dawa za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zinapomezwa kila siku bila ya ushauri, na dawa za miti zisizojulikana kipimo. Hata mbirimbi tunazozitia katika mchuzi na achari, madaktari wa jimbo la Kerala, India, wameandika khabari za watu walioharibika figo kwa kunywa maji yake mengi yaliyokamuliwa kama dawa. Kwa mzima, mbirimbi mbili tatu za mchuzi si neno; linaloogopwa ni kunywa gilasi kwa gilasi. Mwenye figo mbovu ni bora aziache kabisa.

Vipimo vya kujua hali ya figo ni vitatu: presha, protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Mwenye kisukari au presha avifanye angalau mara moja kwa mwaka.

Mashine ya kusafisha damu iliundwa na daktari wa Kiholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Leo huduma hiyo ipo hapa hapa mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la V.I. Lenin. Kwa kawaida mgonjwa huhitaji kwenda mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila safari. Kupandikiza figo nako kulianza nchini Tanzania mwezi wa Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na figo moja. Lakini anayetoa atoe kwa ridhaa yake. Asishurutishwe na kikao cha ukoo.

Ndugu Mwenyekiti, mgonjwa wa figo ana haja ya mambo matatu: khabari, chakula kinachomfaa, na watu.

Khabari azitafute kwanza kwa wanaomtibu. Aende na daftari, aulize: Figo zangu zinafanya kazi kwa kiasi gani? Dawa zipi niziepuke? Maji ninywe kiasi gani? Mkono upi usitolewe damu wala kupimwa presha, ili mishipa yake ihifadhiwe kwa mashine? Mwalimu wa pili ni mgonjwa mwenziwe wa kitanda cha jirani. Sisi tulijifunza kwao namna ya kuvumilia kiu, na namna ya kupanga safari ya Dar es Salaam bila ya kukosa zamu ya mashine. Ama khabari za gharama, tuulize katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 2023. Tusikisie.

Chakula ndipo ukarimu wetu unapoweza kudhuru. Desturi yetu, tukenda kumtazama mgonjwa, tunachukua madafu, ndizi na maembe. Vyote hivyo vina potasiamu, na figo zikishindwa kuitoa, inaweza kuusimamisha moyo. Papa mkavu na ng'onda wana chumvi ya kupandisha presha na kiu. Mihogo na mboga za majani zikatwekatwe, zichemshwe kwa maji mengi, na maji yake yamwagwe. Mgonjwa akisema "maji haya yananitosha", tusimbembeleze aongeze.

Ama watu, hapa nasema na sisi tulioshika kazi. Wengi wenu ni wakuu wa idara. Mtu anayekwenda mashine bado anaweza kufanya kazi, akipangiwa saa zake. Tukimwondoa kazini, tumemwongezea maradhi mengine: unyonge, na wasiwasi wa watoto watakula nini. Na mwanafunzi anayechelewa darasani kwa sababu alimpeleka mzee wake hospitali alfajiri, aulizwe kabla ya kuadhibiwa.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. La kwanza, kila mkutano wetu wa mwaka tuwaalike wauguzi watupime presha na sukari, wakubwa na wanafunzi. La pili, chama kiweke orodha ya wenye gari walio tayari kuwapeleka wagonjwa wa mashine, hasa wanaotoka Makunduchi, Nungwi na shamba kwengineko, maana safari tatu kwa wiki ni nauli nzito. La tatu, wenzetu madaktari na wauguzi waandike karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe hapa skuli na ichapishwe katika gazeti letu.

Orodha ya wenye gari nimekuja nayo. Jina la mwanzo ni langu. Nawaomba wengine mjiandikishe kabla hatujatawanyika.